Barua ya wazi kwa madiwani na wabunge wetu wa Kusini: mlango wa biashara usiulize dini

Kwa Waheshimiwa Madiwani wa Manispaa ya Mtwara-Mikindani,
Kwa Waheshimiwa Wabunge wa mikoa ya Mtwara na Lindi,

Shikamooni wakubwa zangu, na mliobaki salamu ziwafikie.

Mimi ni fundi cherehani. Nina kibanda changu Magomeni, hapa Mtwara mjini, vyerehani viwili na meza ya kukatia. Ni Muislamu, mtoto wa Kimakonde kutoka upande wa Newala. Kaka yangu, tuliyenyonya ziwa moja, ni Mkristo. Alibatizwa akiwa kijana alipokuwa anasoma Masasi. Idi tunakula kwangu, Krismasi tunakula kwake, na mama yetu mpaka anaingia kaburini hakuwahi kutupikia vyungu viwili. Natanguliza haya ili asije mtu akasema naandika kwa ajili ya watu wa upande fulani.

Mwaka huu binti wa kaka yangu alipangiwa kazi hapa mjini. Ni muuguzi. Dalali akampeleka kuona chumba: kizuri, luku ya peke yake, maji yapo, shilingi elfu hamsini kwa mwezi. Mwenye nyumba, mama mtu mzima, haishi pale. Ile ni nyumba ya wapangaji watupu, vyumba vinane. Wakakubaliana kodi ya miezi sita. Ulipofika wakati wa kuandika mkataba, mama akauliza jina. Binti akalitaja, na ni jina la ubatizo. Mama akafunga daftari. Akasema kwa upole kabisa, "Samahani mwanangu, hapa tunakaa sisi kwa sisi." Dalali akatazama chini.

Binti akaja kibandani kwangu na begi lake, akakaa kwenye benchi la wateja. Hakusema neno mpaka nilipomaliza kupinda suruali ya mtu. Kisha akaniuliza, "Shangazi, yule mama akiletwa wodini usiku, na mimi nimuulize jina kwanza?"

Nilimwambia asiseme maneno hayo. Lakini swali lake lilikuwa la haki, na sikuwa na jibu. Wenye jibu ni ninyi.

Mlango wa upande wa pili nao unafungwa vilevile. Jirani yangu anavaa nikabu. Mwaka jana alikwenda msibani njia ya Masasi, gari likaharibika, wakafika usiku. Kwenye nyumba ya wageni waliyoikuta mhudumu akamwambia hapokei mtu aliyefunika uso. Jirani yangu akamwomba aitwe mhudumu wa kike, afunue uso pembeni, alinganishwe na kitambulisho chake cha taifa. Mhudumu akajibu, "Nyie watu wa dini hiyo mnatuletea matatizo." Kama ingekuwa habari ya usalama, suala lingeishia kwenye kitambulisho. Yule mama alilala ndani ya gari bovu na mtoto mgongoni.

Waheshimiwa, tumezoea kusema Serikali haina dini, watu wake wana dini. Sawa. Lakini kati ya Serikali na mtu kuna duka, kuna gesti, kuna bucha, kuna saluni, kuna ukumbi wa harusi. Hapo katikati ndipo tunapoishi karibu siku nzima, na hapo ndipo sheria yetu ilipoacha pengo.

Nimekaa na Katiba yetu ya mwaka 1977, nikasaidiwa na kijana mmoja anayesoma sheria. Ibara ya 19 inampa kila mtu uhuru wa mawazo, imani na uchaguzi katika mambo ya dini. Ibara ya 13 inakataza ubaguzi, na inapoeleza maana ya kubagua inataja dini waziwazi. Lakini ukisoma ibara ndogo ya 4 kwa makini, inamkataza mtu au mamlaka inayotekeleza madaraka yake chini ya sheria, au inayofanya shughuli ya mamlaka ya nchi. Daktari wa hospitali ya Serikali yumo. Karani wa ardhi yumo. Mama mwenye vyumba vinane ana madaraka gani ya nchi? Ibara ya 29 inamtaka kila mtu aendeshe shughuli zake bila kuingilia haki za wenzake, na ibara ya 30 inasema haki ya mmoja isitumike kukatiza haki ya mwingine. Maneno mazuri. Ila binti akitaka kuyatumia, njia aliyowekewa ni kufungua shauri Mahakama Kuu, na kwa sheria ya mwaka 1994 inayosimamia mashauri ya haki za msingi, shauri la namna hiyo husikilizwa na majaji watatu. Majaji watatu, kwa chumba cha elfu hamsini!

Sasa tazameni mfanyakazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inamkataza mwajiri kumbagua mtu kwa dini yake. Gesti ile ikikataa kumwajiri jirani yangu kwa sababu ya dini, anakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, anajaza fomu, anasikilizwa. Ikikataa kumpa kitanda kwa sababu hiyohiyo, hana pa kwenda. Aliyekuja kutafuta mshahara analindwa, na aliyekuja na hela yake mkononi anaachwa nje usiku.

Jirani zetu Kenya waliliona pengo hili walipoandika Katiba yao ya 2010. Ibara ya 27 inamkataza mtu yeyote kumbagua mwenzake, haikuishia kwa Serikali. Na ibara ya 32 inasema mtu asinyimwe kuingia kwenye taasisi, kupata ajira au kutumia huduma kwa sababu ya imani au dini yake. Wenye dini Kenya hawajaacha kusali kwa sababu hiyo.

Najua mtaniuliza, na mna haki ya kuuliza: je, na mwenye biashara hana dini? Anayo, na hapa naomba mnisikilize taratibu, maana hili limenikuta mimi mwenyewe.

Miaka mitatu iliyopita walikuja kwangu akina mama wa kwaya. Walitaka majoho thelathini na mawili, rangi ya zambarau, na kifuani kila joho lidariziwe msalaba kwa uzi wa dhahabu. Ilikuwa kazi kubwa, ya kulipa ada ya mwanangu muhula mzima. Nikapima, nikakubali bei. Usiku ule sikulala. Kukata kitambaa na kushona joho sikuona shida, nguo ni nguo. Lakini kukaa na sindano nikiuchora msalaba kwa mkono wangu, mmoja baada ya mwingine mara thelathini na mbili, moyo wangu ulikataa. Wengine wa dini yangu wangeshona bila wasiwasi, siwahukumu. Mimi nilikataa.

Asubuhi nilimpigia mwenyekiti wao nikamweleza ukweli. Nikamwambia majoho nitashona yote, na nitayashona vizuri kuliko fundi yeyote hapa mjini, ila kudarizi naomba apewe mwingine. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Dada, mimi pia kuna vitu nisingeandika." Kazi ya kudarizi ilikwenda kwa fundi mwingine jirani na soko. Jumapili waliyoyavaa mara ya kwanza waliniita nikale pilau.

Kwa hiyo ninapodai sheria, najua inaweza kunibana mimi mwenyewe. Na bado naidai, kwa sababu naona tofauti kati ya nilichokataa na alichokataa yule mama wa vyumba vinane. Mimi nilikataa kuchora alama. Angekuja Muislamu mwenzangu akitaka nimdarizie msalaba huohuo, ningemkatalia vilevile. Yule mama hakuwa na neno na chumba chake, wala na hela, wala na miezi sita, alimkataa mtu. Muuza chakula Muislamu asiyepika kitimoto hambagui yeyote, maana hamuuzii yeyote. Akimnyima Mkristo sahani ya wali na maharage anayompakulia kila mtu, hapo amebagua. Msabato anayefunga duka Jumamosi amelifunga kwa watu wote. Anayelifungua na kuchagua wa kuingia ni jambo lingine kabisa.

Huko nje wamehangaika sana na mstari huu. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kesi ya waoka keki Wakristo wa Belfast, duka linaitwa Ashers, waliokataa kuandika kwenye keki maneno ya kuunga mkono ndoa za jinsia moja. Majaji watano wote walikubaliana kwamba wale waokaji walikataa ujumbe, hawakumkataa mteja, maana wangekataa kumwandikia mtu yeyote. Kwetu ndoa hiyo sheria haiitambui na mgogoro wenyewe haupo, lakini nilipoisoma hoja ile niliona sindano yangu na uzi wa dhahabu.

Upande wa pili wa mstari uko Marekani. Baada ya sheria yao ya haki za kiraia ya 1964 kukataza ubaguzi kwenye hoteli na migahawa, mwenye migahawa ya nyama choma huko South Carolina, Piggie Park, alikataa kuwahudumia Weusi ndani, na mahakamani akajitetea kwamba dini yake hairuhusu watu wa rangi tofauti kuchanganyika. Mwaka 1968 Mahakama ya Juu iliutupa utetezi huo, ikasema hauna uzito hata kidogo. Mtu anaweza kuamini hivyo moyoni mpaka afe, lakini hawezi kuusimamisha moyo wake mlangoni umzuie mwenye njaa. Sisi Waafrika tunajua hasa ni mlango gani unaozungumzwa hapo.

Kuna kitu kingine nilichojifunza kwao na ninaomba msikisahau siku mtakapokaa kuandika. Mwaka huohuo wa 2018 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimpa ushindi muoka keki wa Colorado aliyekataa kuoka keki ya harusi ya wanaume wawili, na sababu kubwa ni kwamba tume iliyomhukumu mwanzo ilionyesha dharau kwa dini yake. Maana yake ni kwamba yeyote mtakayempa kazi ya kusikiliza malalamiko haya, awe afisa biashara au mtendaji wa kata, asimcheke mtu kwa imani yake. Mama wa vyumba vinane aitwe kwa heshima, asikilizwe, aelezwe. Kwangu mimi hakunitolea ukali hata kidogo, nilipomfuata. Alisema anaogopa wapangaji wake watakula nguruwe kwenye sufuria za pamoja. Nikamwuliza kama nyumba ile ina jiko la pamoja. Akasema hapana, kila mtu anapika mlangoni kwake. Tukabaki tunatazamana.

Ndiyo maana sidai sheria ifike mpaka sebuleni mwa mtu. Mjane anayekodisha chumba kimoja ndani ya nyumba anayolala na binti zake, choo kimoja, jiko moja, huyo mwacheni achague. Hata ile sheria ya Marekani ya 1964 iliiacha nyumba yenye vyumba visivyozidi vitano vya kukodisha ambayo mwenyewe anaishi humohumo. Wala msiguse misikiti na makanisa. Katiba imekwishaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za Serikali. Ukumbi ulio ndani ya uzio wa kanisa kwa shughuli za kanisa ni wa kanisa. Ukitangazwa redioni kwamba unakodishwa kwa sherehe zote, umeingia sokoni.

Kuhusu bucha nasema kwa woga, kwa sababu jambo hili liliua. Februari 2013 huko Buseresere, mkoani Geita, ugomvi wa nani achinje na nyama gani iuzwe ulimalizika kwa mchungaji kuuawa. Nyama ile ile, mto wa damu. Kwetu Kusini tumeenda na mazoea: Muislamu anachinja, wote wanakula. Mazoea hayo yametusaidia na sioni sababu ya kuyachokoza. Lakini Mkristo akitaka kufungua bucha yake na kuandika wazi ubaoni nyama imechinjwa na nani, ana haki hiyo, na mimi nina haki ya kusoma ubao nikapita. Kumweleza mteja ukweli kunatosha. Asiye na haki ni anayekuja kumvunjia ubao, na asiye na haki ni mwenye bucha atakayenifukuza kwa sababu ya ushungi wangu nikija kumnunulia nyama shemeji yangu.

Na Ramadhani. Kila mwaka mama lishe Wakristo wanatishwa wafunge magenge mchana, mara na majirani, mara na watu wanaojifanya wametumwa. Sheria ya kuwafungia haipo. Wengi wao kwa ustaarabu wao wanashusha pazia la kanga, na wateja wao ni wasafiri, wagonjwa, wajawazito, watoto, Wakristo, na baadhi yetu sisi tusiofunga ambao hatutaki kutajwa. Nimefunga tangu nikiwa na miaka kumi. Swaumu yangu haijawahi kuvunjwa na sufuria ya jirani.

Mtu ataniambia: aliyekataliwa si aende kwingine? Dar es Salaam labda. Huku kwetu nenda kijiji chenye gesti moja, duka la dawa moja, mashine ya kusaga moja. Nenda msimu wa korosho, kuanzia mwezi wa kumi minada inapoanza, Tandahimba na Newala zinapojaa wanunuzi, makuli na madereva wa malori kutoka kila kona ya nchi, uone kama kuna "kwingine". Tumeleta gesi ya Mnazi Bay, tumeleta kiwanda cha saruji, tumeongeza meli bandarini. Watu wanakuja na majina yao. Tunawataka hela zao, tuwape na mlango.

Na kama kuna asiyeamini kwamba taasisi ya dini inaweza kuhudumia watu wote bila kuharibika imani yake, apande gari aende Ndanda, walipo Wabenedikto, watawa wa Kikatoliki, tangu 1906. Mama yangu alilazwa kwenye hospitali yao wiki tatu, na tasbihi yake mkononi. Masista walimwekea mkeka wa kuswalia karibu na kitanda na wakamwonyesha kibla kiko wapi. Hakuna aliyemhubiria. Serikali yenyewe iliwahi kulijibu swali hili: mwaka 1969 ilipochukua shule za mashirika ya dini, sababu moja kubwa ilikuwa mtoto asinyimwe darasa kwa sababu ya dini. Wamakonde wa dini yangu waliosoma Ndanda na Chidya baada ya hapo ni mashahidi.

Basi ninachoomba ni hiki. Ninyi madiwani, sheria za Serikali za Mitaa za mwaka 1982 zinawapa uwezo wa kutunga sheria ndogo. Andikeni sheria ndogo fupi, ya ukurasa mmoja: biashara inayohudumia umma ndani ya manispaa isimkatae mtu kwa dini yake, kabila lake au vazi lake la dini, mwenye biashara asilazimishwe kuuza bidhaa asiyouza kwa yeyote, wala kuandika, kuchora au kutamka kinachopingana na imani yake, nyumba anayoishi mwenyewe na familia iachwe. Faini iwepo, lakini onyo na kusuluhishwa vitangulie. Na hata kabla sheria ndogo haijapata idhini ya Waziri, vizimba vya soko, fremu za stendi na kumbi za halmashauri ni mali yenu. Kipengele hicho kinaweza kuingia kwenye mikataba ya pango inayofuata bila kumsubiri mtu. Madiwani wa Lindi, Kilwa na Masasi mkiisoma barua hii, hakuna anayewazuia kututangulia.

Ninyi wabunge, vyumba vya kupanga haviko kwenye leseni ya halmashauri, kwa hiyo hapo ni kwenu. Kama bunge lilivyomlinda mfanyakazi mwaka 2004, limlinde mteja na mpangaji, na malalamiko yasikilizwe mahali ambapo mtu anaweza kufika kwa bodaboda.

Binti wa kaka yangu analala kwangu, chumba kimoja na binti zangu wawili. Saa kumi na moja alfajiri mimi naamka kuswali, yeye anapiga ishara ya msalaba na kutoka kuwahi zamu. Mikutano ya baraza la madiwani ni ya wazi kwa wananchi. Nitakuja kwenye kikao kijacho, nitakaa viti vya nyuma na nakala ya barua hii, na siku hiyo akipata ruhusa nitakuja naye.

Wenu,
Fundi cherehani, Magomeni, Mtwara